Mistari Miwili ya Mwalimu

Kama kuna mtu aliyekuwa na uhakika na mistari sambamba hapa duniani, basi ni Mwalimu. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya ubao wa chuo cha ufundi akisema maneno yaleyale: usiniambie unaona nini, niambie mteremko. Umepanda kiasi gani, umekwenda kiasi gani, gawanya. Mistari miwili ikitoa jibu moja ni sambamba, haikutani hata uivute mpaka ahera. Mwanafunzi akijaribu kusema, "Lakini Mwalimu, ukiiangalia..." alikatizwa hapohapo.

"Macho ni ya kuangalia maziwa yasichemke yakamwagika. Hapa tunahesabu."

Sasa Mungu naye ana utani wake. Mwanamke huyo akaolewa na Jicho.

Jicho alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha, na jina hilo hakupewa kwa uzuri wa macho. Alikuwa akirudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, anasema, "Nondo ya nne imelala." Wenzake wanacheka, wanaleta futi kamba, wanapima, wanaacha kucheka. Nyumbani hakupumzika. Pazia limekwenda upande, rafu imeinama, picha ya harusi imepinda. Mwalimu alishamwambia mara mia kwamba hakuolewa na pimamaji.

Ubaya ni kwamba Mwalimu, pamoja na ujuzi wake wote wa mteremko, alikuwa hajui kuchora mstari, masikini. Kila akichora miwili, wa kushoto ulimwinamia mwenzake kidogo, kama mtu anayetaka kumnong'oneza jambo. Yeye hakujali. Mchoro ni pambo tu, alisema, jibu liko kwenye namba.

Mwaka huo karakana aliyofanyia kazi Jicho ikatoa tangazo. Msimamizi lazima awe na cheti. Jicho alikuwa amekaimu usimamizi miaka miwili bila hata karatasi ya kufungia maandazi, na sasa akaambiwa wazi: afaulu mtihani wa chuo, au aletwe mwenye cheti kutoka nje. Kwenye vitendo akapata alama za juu kuliko wote. Likabaki somo la hesabu, na alama ya kufaulu ni hamsini.

Basi kila jioni baada ya chakula, meza ikageuka darasa.

"Nukta hizi mbili, na hizi mbili," Mwalimu alisema huku akichora. "Mistari ni sambamba au si sambamba?"

"Si sambamba," Jicho alijibu kabla kalamu haijainuka. "Wa kushoto umelala."

"Nani kakwambia uangalie? Hesabu!"

"Mwalimu, kitu ninakiona, nikihesabu nitapata nini zaidi?"

"Utapata cheti, baba watoto!"

Akahesabu, akapata. Taratibu akaizoea ile kanuni, na Mwalimu akaanza kulala usingizi wa watu wasio na deni la wasiwasi.

Kumbe wasiwasi ulikuwa njiani. Mwenzake wa hesabu pale chuoni akaugua, na kazi ya kutunga mtihani na kuusahihisha ikamwangukia Mwalimu peke yake. Alikwenda kwa mkuu wa chuo akamweleza ukweli, kwamba mume wake ni mtahiniwa. Mkuu akacheka.

"Karatasi zina namba, hazina majina. Na wewe, Mwalimu, tunavyokujua, hata mama yako mzazi ungemfelisha."

Akaichukua kama sifa. Nyumbani hakutamka neno.

Swali la sita, la mwisho, lilihusu mistari miwili. Mmoja unapita kwenye nukta (1, 2) na (4, 8), wa pili kwenye (2, 1) na (5, 7). Kwa kutumia mteremko, eleza kama ni sambamba. Pembeni akaweka mchoro wa mkono, na chini yake akaandika kwa herufi za sisimizi: mchoro huu haukufuata vipimo.

Karatasi ya kumi na tatu aliijua alipoiona tu. Hakuna mtu mwingine aliyeandika saba yenye mkato katikati, nzito, kama imeandikwa kwa chaki juu ya chuma. Akaenda swali kwa swali bila kuhurumia, akafika la sita akiwa amejumlisha arobaini na saba. Alama tatu tu zilitosha, na swali lilikuwa na tatu. Mteremko wa kwanza, mbili. Sahihi. Wa pili, mbili. Sahihi. Mwalimu akatabasamu peke yake. Kisha akasoma mstari wa mwisho:

"Hesabu inasema ni sambamba. Lakini mistari iliyochorwa hapa si sambamba. Ukiirefusha itakutana juu, nusu shubiri nje ya karatasi. Jibu: SI SAMBAMBA."

"Ewe mwanamume!" Mwalimu alisema kwa sauti, na ofisi nzima haikuwa na mtu wa kumsikia.

Akachukua rula. Alijiambia anataka tu kuuthibitisha upuuzi huo. Akairefusha mistari kwa penseli, ikatoka nje ya karatasi, ikapanda juu ya mbao za meza, na nusu shubiri kutoka ukingoni ikakutana. Halafu, kwa kuwa swali lilisema kwa kutumia mteremko na mwongozo wa kusahihisha aliuandika mwenyewe, akaweka alama ya X kwenye lile jibu. Arobaini na tisa.

Siku ya matokeo Jicho alirudi mapema, akaketi jikoni.

"Nimekosa moja," akasema.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kunyamaza. Akashindwa.

"Mtihani niliutunga mimi. Nimesahihisha mimi."

"Najua. Ule mstari wa kushoto niliutambua kabla sijasoma swali."

"Ulijua!" Machozi yakamlengalenga. "Na hesabu ulipata! Ungeandika neno moja tu, sambamba, ukae kwenye kiti chako. Kwa nini, jamani?"

Jicho akavua buti moja, akavua la pili.

"Miaka yote tumeishi humu ndani, hujawahi kuniuliza ninaona nini," akasema. "Nilipouona mchoro wako kwenye mtihani mkubwa kama ule, nikadhani leo umeniuliza."

Mwalimu akazima jiko, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nilirefusha kwa rula," akasema. "Ilikutana palepale uliposema."

"Najua," Jicho akajibu. "Msimamizi mpya anaanza Jumatatu."