Mtu Aliyeachwa Mwezini

Nina hasira na ulimi wangu tangu miaka ile ya hamsini, na sioni sababu ya kuusamehe sasa.

Kaka yangu alikuwa amekwenda ziwani kuvua ndagala, wale dagaa wetu, upande wa Ubwari. Mawimbi yaliurudisha mtumbwi wake kwetu, ufukweni Baraka, ukiwa mtupu. Tulimtafuta wiki tatu. Wazee wa ukoo wakaamua tufanye kama tulivyozoea kwetu, ziwa linapokataa kumtoa mtu: tuzike shina la mgomba mahali pake, kilio kiishe, mama aondoke kwenye mkeka wa matanga. Mama alibisha, kisha akakubali. Ikapangwa Jumamosi.

Alhamisi padri akaleta sinema. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, moteri ya umeme ikanguruma nyuma ya kanisa. Mimi, mwalimu mwenye Kifaransa cha kujivunia, nilisimama kando ya shuka kuwaeleza watu kwa Kiswahili yote yanayosemwa. Nilikuwa na maringo, nakiri. Filamu yenyewe sikuwa nimeiona hata mara moja.

Watu wanne walipanda chombo cha chuma wakaenda mwezini. Wakati wa kurudi, hewa haikuwatosha wote. Mmoja akashuka kwa hiari yake. Aliyeitengeneza filamu ile aliijua kazi yake: hakuweka ngoma wala vilio. Alituonyesha tu uso wa yule mtu ndani ya kofia ya kioo, akitazama juu, na chombo kikipungua mpaka kikawa kama punje ya mtama. Nilimwona mama mbele kabisa, shangazi amemlazimisha kuja, na roho ikaniuma vibaya.

Ndani ya chombo, mwenzake akasema kwa Kifaransa kwamba hakuna atakayerudi kumchukua. Mimi nikayageuza maneno yake, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu:

"Batarudi kumukamata!"

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilifurahi, mpumbavu mimi.

Asubuhi mama alikunja mkeka, akafagia nyumba ya kaka. Jumamosi wajomba walipofika na shina la mgomba, aliwazuia mlangoni.

"Murudishe ile kintu. Mutoto wangu iko mahali. Hata ule wa mwezini, batarudi kumukamata. Mwalimu njo alisema."

Wajomba wakanigeukia. Ningeweza kusema pale pale. Niliangalia miguu yangu.

Miezi minane mama alimpakulia kaka chakula, na kila jioni aliteremka ufukweni kuwauliza wavuvi. Alikonda, mifupa ikamtoka. Wanawake wenzake wakaanza kumkwepa njiani. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta uani akichambua ndagala kwenye ungo, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, nilisema bongo. Ule muntu wa mwezini, hakuna mwenye atarudi kumukamata. Nilikuongopea."

Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Alikufa?"

"Alikufa, mama."

Akatupa vijiwe viwili vitatu pembeni.

"Na mama yake? Nani alimuambia?"

Katika filamu ile hakukuwa na mama yeyote. Machozi yakanitoka kabla yake.

"Mi, mama. Mi njo nakuambia."

Ungo ukamponyoka mikononi, akaanza kumlilia kaka.