Minyaa Kwenye Picha

Siku hizi naishi Isevya, mjini Tabora, na bomba langu la maji halina neno. Lakini kila nikitaka kulifungua nasimama kwanza, mkono uko juu ya koki, nasubiri. Wajukuu wananiona mzee wa visirani. Waache waone. Hawajui nilichowafanyia watu wa Puge nikiwa hata sijakanyaga Puge.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipata nafasi ya kusoma India, kwenye chuo kikubwa cha utafiti wa sayansi na teknolojia. Nilichukua somo la maji yaliyo chini ya ardhi. Pale hapakuwa na kukariri. Profesa aliyenisimamia hakutaka kulisikia neno nadhani. Alitaka upime, uandike, kesho upime tena. Tulikula dengu na wali mchana, dengu na chapati jioni, na katikati yake tulikaa maabara mpaka migongo ikafa ganzi. Mwafrika nilikuwa peke yangu idarani, na kiburi nilikuwa nacho, sikatai. Nilitaka siku moja profesa yule aseme mbele ya watu kwamba mimi ni mwanasayansi.

Kwa ajili ya tasnifu nilipewa picha za ardhi ya kwetu, zilizopigwa kutoka kwenye ndege enzi za mkoloni, wakati wa kiangazi. Ukiziweka mbilimbili chini ya kifaa chenye lenzi mbili, ardhi inainuka: vilima, mabonde, hata ile njia ya zamani waliyopita wapagazi wa misafara kutoka Tabora kwenda ziwani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kiangazi miombo inapukutika, kwa hiyo palipo na majani mabichi pana maji karibu, na kwenye picha zisizo na rangi majani mabichi hutoka meusi. Kando ya njia ile, nje kidogo ya Puge, nikaona pete nne nyeusi. Nikazizungushia wino mwekundu.

Wakati huohuo ikaja barua ya baba mdogo, katibu wa tawi la chama kijijini kwetu. Walikuwa wameambiwa wahamie pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, na mahali pachaguliwe upesi kabla malori hayajafika. Wazee walikuwa wanavutana. Aliandika kwamba mimi ndiye ninayesomea maji, basi niseme, nao watafuata. Mama yangu, mjane, naye angehama na wenzake. Nilijibu siku ileile. Nilitaja mahali penye pete, pale nje ya Puge, mwendo wa saa chache kutoka kijijini kwetu, nikapiga mstari chini ya neno maji, na barua nikaitia posta huku napiga mluzi.

Mwezi mmoja baadaye, mchana wa joto kali, nilitoka nyuma ya maabara kupunga upepo. Kila kitu kilikuwa kimekauka, ila ua wa chuo ulikuwa kijani. Mtunza bustani alikuwa akiukata kwa panga na utomvu mweupe unachuruzika. Nikasogea, nikatazama. Minyaa. Minyaa ya kwetu hasa, ile tuliyochapwa utotoni kwa kuichezea maana utomvu wake unaharibu macho. Mmea ule hauombi maji kwa mtu, unakaa kijani hata juu ya mwamba. Na kwetu Unyamwezini mtu akijenga, huzungushia kaya yake ua wa minyaa. Watu wakihama, nyumba zinaanguka, minyaa inabaki. Mahame kama hayo tunayaita matongo, na hata mchunga mbuzi anayajua.

Nilirudi kwenye picha mbio. Kila pete ilikuwa na uwazi upande mmoja, nao ulikuwa lango. Nikapitia upya vipimo vya miamba vilivyokuja pamoja na picha, vikaniambia pale ni pakavu kabisa. Ningeliona mapema kama nisingezipenda mno zile pete zangu. Nilikuwa nimewaelekeza watu wetu, na mama yangu kati yao, wakaishi kwenye kaya za watu waliokwisha kuondoka.

Simu ya maandishi ingefika kwa siku chache. Niliandika kwenye karatasi: msihame, hakuna maji. Nikaenda nayo posta, nikapanga foleni. Utetezi wa tasnifu ulikuwa baada ya siku kumi, na profesa alikwisha kuisifia kwa wakubwa wake ile sura yake inayohusu pete. Kuifuta ni kuanza upya, na kukiri mbele ya wote kwamba Mnyamwezi hakuitambua minyaa. Nikajiambia serikali itatuma mtaalamu. Nikajiambia wazee watakataa, wao si wanayajua matongo? Mbele yangu walibaki watu wawili, nikatoka kwenye foleni. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine. Siku ya utetezi nilipigiwa makofi, na profesa akalisema lile neno nililolitaka. Sikulisikia vizuri.

Niliporudi nyumbani kijiji kilikwisha kusimama, nyumba zimejipanga mistari miwili katikati ya minyaa. Kisima kilichimbwa mpaka kwenye mwamba, kikabaki shimo la vumbi. Waliochimba misingi walikuta vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, na shanga za zamani. Walisema jua likifika utosini wanasikia wapagazi wakitua mizigo na kuuliza maji. Nikacheka kisomi. Siku ya tatu, saa saba mchana, nikiwa peke yangu ndani kwa mama, nikasikia kitu kizito kikitua nje ya mlango, kisha pumzi ya mtu aliyechoka. Nikatoka. Hapakuwa na mtu. Niliogopa, na mpaka leo naogopa.

Mama, Mkatoliki wa rozari kila jioni, alikuwa akiwawekea wapagazi hao maji kidogo kwenye kigae mlangoni. Maji yenyewe aliyafuata kijiji cha zamani, anatoka alfajiri anarudi jua limepanda. Alikuwa amekonda, na shingo haigeuki tena vizuri kwa sababu ya ndoo. Siku hiyo akaniwekea ya kuoga. Nilishindwa kuyagusa.

"Mama, nilikosea," nikamwambia. "Hapa hapakuwa na maji. Ilikuwa minyaa."

Alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso. "Nilijua, baba. Barua yako iliposomwa mkutanoni, wazee walisema yale ni matongo, wenyewe walikimbia kiu. Mimi ndiye niliyesimama nikawaambia mwanangu amesoma, hawezi kukosea."

"Kwa nini, mama?"

"Wangekucheka."

Akaendelea kuchambua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yaliyobaki: ile foleni, ile karatasi mkononi, zile siku kumi. Nilikaa naye mpaka maharage yakaisha na sikusema. Alifariki masika yaliyofuata, na hadi mwisho aliwaambia majirani kwamba mwanawe alighafilika tu.