Raundi Kumi na Mbili na Nusu

Ukumbi wa kanisa letu una madirisha kumi na moja, na Jumapili ile ya filamu tulikusanya blanketi kumi za kuyaziba. Nilihesabu madirisha, nikahesabu blanketi, kisha nikarudia, maana siamini hesabu ya kwanza hata ikiwa yangu. Dirisha moja likabaki wazi. Jua la saa tisa likaingia likakata shuka la kuonyeshea vipande viwili, kwa hivyo mkimbiaji wa filamu kila alipoelekea kulia alimezwa na mwanga, akatapikwa tena upande wa pili. Pasta alisema hiyo ni ishara. Mimi nilisema ni blanketi moja.

Nauza viatu vya kukimbilia vya mitumba sokoni hapa Eldoret. Katika mji huu mtu asiyekimbia amezaa anayekimbia, na asiyezaa atakuambia alimshinda bingwa fulani shule ya msingi. Kutuletea sisi filamu ya mkimbiaji ni kama kwenda Moi's Bridge kuwafundisha watu kulima mahindi. Lakini kanisa lilitaka pesa za mabati ya paa, na vijana walikuwa wameazima projekta.

Niliketi na binti wa dada yangu, msichana wa miaka ishirini, na upande wake wa pili baba yake, shemeji yangu. Binti alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mguu wa kushoto, chini ya goti. Daktari alikuwa ametuonyesha kwenye picha: mstari mwembamba kama unywele. Alisema wiki nane bila kukimbia hata hatua moja. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha. Zilibaki tano. Shida ni kwamba Jumamosi iliyofuata palikuwa na mbio za mchujo, mita elfu tano, na wasichana wanne wa kwanza wangechukuliwa kambini: chakula, viatu, kocha, kila kitu. Shemeji hakuwa amesema lolote juu ya Jumamosi. Ila alitulipia kiingilio wote watatu bila kuombwa, na mimi namjua shemeji. Akikununulia chai, angalia ameketi juu ya nini.

Nusu ya kwanza ya filamu nilifurahi sana, kwa sababu ukumbi mzima uliichambua kama kuku.

"Angalia mkono," alisema mwalimu mmoja mstaafu wa michezo aliyekaa nyuma yetu. "Huyu anakimbia ama anafukuza nzi?"

"Ameshikwa na tumbo," mtu akamjibu.

"Na nywele haijasonga. Imetoka saluni na itarudi saluni."

Shujaa akashinda mbio za shule, mama yake akampokea na maziwa kwenye jagi la plastiki. Hapo watu walikasirika kweli. Mshindi hapa hupewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu na mkaa wake, na anayempa huyashika kwa mikono miwili. "Ati jagi?" alisema mama mmoja mnunuzi wa mahindi aliyebanana na mimi upande wa kulia. "Hiyo ni maziwa ya paketi. Huyo mtoto ataharisha kabla ya fainali."

Fainali yenyewe ilikuwa ya mita elfu tano. Kwetu hata mtoto wa nasari anajua hiyo ni raundi kumi na mbili na nusu. Mtangazaji wa filamu akasema raundi ya nane imekwisha, na kengele ya raundi ya mwisho ikalia.

"Bado nne na nusu," alisema mwalimu. "Hao wanaenda nyumbani mapema, kuna mvua?"

Nilimgeukia binti. Alikuwa ananionyesha vidole vinane chini ya kiti, anacheka bila sauti. Alikuwa hajacheka tangu ile picha ya hospitali.

Ndipo shujaa akavunjika mguu. Ulilia kama bua kavu la mahindi. Akaanguka kwenye kona, na kocha wake akaning'inia kwenye ua wa uwanja akapaza sauti: "Mguu ni wako, lakini mbio ni zetu!" Kijana akararua fulana, akaufunga mguu, akasimama, akaanza kukimbia tena. Walikuwa wamempita watu kumi na mmoja. Yeye akawapita kumi na wanne. Wale watatu wa ziada sijui walitoka wapi, labda walikuwa wanauza njugu. Akashinda.

Nilingoja kicheko. Nilikuwa tayari na changu.

Hakuna aliyecheka. Ukumbi ulisimama. Watu waliokataa mkono, wakakataa nywele, wakakataa jagi, wakakataa kengele, waliukubali mguu. Mwalimu wa michezo, mtu aliyefunga bendeji za watoto miaka thelathini, alikuwa anapiga makofi huku machozi yamemfika kidevuni. Mama wa mahindi alilia kwa kelele, akatafuta kitambaa, akakikosa, akapenga kamasi kwenye kona ya shali yangu. Nikaitazama ile kamasi. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kweli zaidi nilichoona alasiri hiyo, na hata hivyo nilikikunjia ndani.

Waliosimama walikuwa mia moja arobaini na watatu, ukiondoa watoto wa mgongoni. Nilihesabu mara mbili. Nilikuwa na nafasi, kwa sababu mimi nilikaa.

Na binti alikaa, mpaka baba yake alipomshika kiwiko. Pasta alikuwa amekwishasimama mbele ya shuka. "Na sisi tuko na wetu hapa," alisema. "Njoo, binti. Jumamosi kuna mbio, sindio? Waambie hawa watu kama utakimbia."

Alienda mbele akitembea sawasawa, na mimi ninayetazama miguu ya watu kwa kazi niliona usawa huo unamgharimu kiasi gani. Watu mia moja arobaini na watatu wakamnyooshea mikono kumwombea. Mikono mingine ilikuwa na karanga.

"Nitakimbia," alisema.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya filamu.

Jumatatu alikuja kwenye kibanda changu na viatu vyake vya misumari, nimbadilishie misumari iliyolika. Baba yake alikuja nyuma yake. Nilivigeuza viatu juu chini, nikaviweka sambamba mezani. Soli ya kulia ilikuwa imelika upande wa nje hadi kitambaa. Ya kushoto ilikuwa karibu mpya.

"Hiki kimefanya kazi," nilimwambia shemeji. "Hiki kimebebwa. Mtoto wako anakimbilia mguu mmoja tangu kabla ya picha."

"Mguu ni wake," alisema shemeji.

"Usimalizie. Yule kijana wa filamu alivunjika, wakazima kamera, akaenda kula wali. Huyu tukizima kamera tunaenda naye wapi?"

Hakunijibu kwa hasira. Ningependa angekasirika. Aliketi kwenye gunia la viatu akasema, "Mimi niliambiwa nipumzike, wakati wangu wa mbio. Goti. Nilipumzika vile daktari alisema. Mpaka leo napumzika." Shemeji analinda geti la shule huko Kesses. Akainuka akaenda kazini.

Tulibaki wawili. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kuficha viatu, au kusema misumari imekwisha, uongo ambao nausema kila wiki kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini mimi ni mtu wa soko. Mtu akinitajia bei, mdomo wangu unatangulia akili.

"Unataka kukimbia ngapi?" nilimwuliza.

"Si ni kumi na mbili na nusu, anti."

"Nakupa sifuri."

"Kumi."

"Kumi ni ya nini? Kambini hawachukui mtu wa raundi kumi. Moja."

"Anti, nikikimbia moja watanicheka. Nane, kama ya filamu." Alitabasamu kidogo.

"Mbili."

"Nne."

"Tatu. Ukifika hapo nitakuwa nimesimama kwenye kona na shali hii. Ukiniona unaingia kwenye nyasi. Huanguki, hulii, unatembea tu."

Alifikiri. "Tatu," alisema, tukapeana mkono. Nilimbadilishia misumari bure. Nilijiona mjanja: kutoka kumi na mbili na nusu hadi tatu, na mteja ameondoka ameridhika.

Jumamosi niliwatafuta wale wa ukumbini. Nilianza jukwaa la kivuli, nikamaliza na ua. Tulikuwa wanne: shemeji, mimi, pasta, na mwalimu wa michezo. Pasta aliondoka kabla ya mbio za wasichana kwa sababu ya harusi. Tukabaki watatu.

Raundi ya kwanza alikuwa wa sita. Ya pili alikuwa wa nne, na shemeji akashika ua kwa mikono yote miwili. Ya tatu alikuja kwenye kona yangu akiwa wa nne bado, uso umekauka, na nikaona atanipita. Nafasi ilikuwa yake, mkononi kabisa. Niliinua shali. Akatoka kwenye mstari, akaingia nyasini, akatembea hatua saba, akaketi akafungua kamba.

"Simama!" mwalimu alisema nyuma yangu. "Huyu mtoto amekosa nini? Simama!"

Shemeji hakusema neno la filamu. Aliruka ua, akamfikia, akamvua viatu taratibu, akavibeba yeye.

Daktari alitazama picha mpya. Unywele ulikuwa umekuwa uzi.

"Alikimbia kiasi gani?"

"Raundi tatu tu," nilisema, na nadhani nilisema kwa kujivuna.

"Ilitakiwa iwe sifuri," alisema. "Zile wiki za mwanzo tumezitupa. Tunaanza upya, na si nane tena. Kumi na mbili."

Nililala na hiyo hesabu siku nyingi. Wale wengine walipiga makofi, na walinichefua, na bado wananichefua. Lakini mimi ndiye niliyekaa mezani na mfupa wa mtoto nikaupigia bei kama kiatu. Sifuri nilikuwa nimeitaja mwenyewe. Nikaiacha kwa sababu haikuwa na utamu wa kubishana.

Sasa huja kibandani kila siku, anaketi mguu umewekwa juu ya kreti ya soda, ananisaidia kuuza. Ana mdomo kunishinda. Juzi mama wa mahindi alikuja kumtafutia mwanawe viatu. Alinisalimu, kisha akamtazama binti kwa huruma nyingi.

"Ile filamu mpaka leo iko hapa," alisema akijigusa kifuani. "Na wewe nasikia ulikuwa wa nne. Ungevumilia kidogo tu."

Nilifungua mdomo. Binti alinigusa goti, akachukua kile kiatu mkononi mwa mama, akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya yangu. Niliihesabu tena kuhakikisha.

"Ai, msichana," alisema mama wa mahindi. "Hiyo inauma. Nipunguzie."

"Vumilia kidogo tu, mama," alisema binti. "Umebakisha raundi moja."