Udongo wa Juu

Niliporudi kutoka kumuuguza dada yangu niliwakuta wamepiga magoti, watu wazima na digrii zao, wanapangusa chungu cha mkojo kwa mswaki. Chungu chenyewe kilikuwa cha Mjerumani. Mmoja anapangusa, mwingine anapuliza vumbi, wa tatu amekishikia mwavuli jua lisikiunguze. Nyuma yao, kwenye kona alikozikwa mwanangu, palikuwa pamekwanguliwa hadi pakawa kama sakafu. Mgomba tu ndio ulibaki. Kijiko, lile tingatinga la kuzolea udongo, kilikuwa kimeshaondoka, na lori nalo.

Nikauliza, "Udongo wa hapa uko wapi?"

Mchimbaji mmoja akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, leo mboga gani?"

Hakuwa na nia mbaya. Mie ndiye niliyekuwa nawapikia.

Lakini kabla sijawapikia, pale palikuwa kwangu. Huku Temeke, kabla hatujapakwa ile X nyekundu ya kubomolewa ukutani, nilikuwa na vyumba viwili, choo cha nje na migomba nyuma. Mtoto wangu wa tatu alizaliwa amekufa. Kwa watu wa kwetu bara, mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini wala hafungiwi turubai. Wanawake humzika nyuma ya nyumba, karibu na mgomba, na wanaume hujifanya hawajui. Aliyechimba ni mama mkwe. Juu yake tukaweka figa moja la jikoni, mtu asije akapanda mchicha.

Siku ya kubomolewa nilibeba kitanda, sufuria na watoto wawili walio hai. Yule sikumbeba. Tukahamia Keko, nyuma ya mafundi vitanda, ambako mpaka leo chai yangu nainywa na unga wa mbao. Nikipata nafasi nilikuwa napitaga pale, nang'oa majani kuzunguka figa, naondoka. Walisema tumejenga kwenye njia ya barabara. Barabara haikuja.

Aliyekuja ni Daktari. Si wa sindano, wa kuchimba. Alisema chini ya vyumba vyetu kulikuwa na makazi ya Wajerumani wa mwanzo waliokuja kulima minazi, na yeye anataka kujua walivyoishi: walikula nini, walitupa nini, walijisaidia wapi. Sikuwa na neno. Nikaomba kazi ya kupika ili niwe karibu na figa langu.

Na sikukaa kimya. Nawataja niliowaambia.

Wa kwanza mwenyekiti wa mtaa. "Mwenyekiti, pale kwenye lile figa kuna mwanangu."

"Usitie shaka dada, nitawaambia." Alikuwa anakula wali wangu wakati anasema hivyo. Akaomba aongezewe mchuzi.

Wa pili msimamizi wa wachimbaji. Huyo aliniambia niache uchuro kazini. "Kwani lina msalaba?"

"Halina."

"Sasa mie nitalijuaje?"

"Si nakuonyesha hapa kwa kidole?"

"Haya mama, nimeona. Ugali umeiva?"

Wa tatu Daktari mwenyewe. Ana adabu, shikamoo ilikuwa inanifikia kabla sijatua sufuria. Alikuja, akachuchumaa, akalitazama figa. "La miaka mingapi hili, mama?"

"Mwanangu wa pili alikuwa hajaanza shule."

Akasikitika. Akanieleza kwamba hilo ni tabaka la juu, la kisasa, na wao wanatafuta la chini. "Lakini tutapaheshimu."

Kumbe mwanangu alikuwa wa kisasa mno. Angezaliwa Mjerumani, akafa mapema kidogo, angepigiwa mswaki.

Niliwaamini kwa sababu ya chekeche. Udongo wa chini walikuwa wanauchekecha kiganja kwa kiganja. Kikionekana kifungo cha shati, kazi inasimama, kifungo kinapigwa picha kama bwana harusi. Walikuwa wananitania, "Mama, mchele wako una mawe, tukuazime chekeche?" Nacheka nao. Nikajiambia watu wanaohangaika hivi na kifungo hawawezi kumpoteza mtoto.

Siku niliyokwenda kwa dada kukatajwa kuna wageni watakuja kuangalia misingi ya nyumba za Wajerumani. Ikatafutwa njia ya haraka. Udongo wa juu haukuchekechwa. Ulizolewa.

Daktari akaniambia, "Mama, nilimwambia msimamizi."

Msimamizi akasema, "Mie nilimwambia dereva wa kijiko apaache."

Wakampigia simu dereva wa kijiko, akajibu kwa sauti tukasikia wote: "Niliambiwa niache mgomba. Kwani mgomba haupo?"

Mgomba ulikuwepo. Umesimama juu ya kisahani cha udongo, majani yote mazima.

Dereva wa lori ndiye pekee aliyenijibu sawasawa. Kifusi alikimwaga Kiwalani, kwenye kiwanja cha mtu kinachojaa maji. Nikaenda. Nilikuta zege limeshamwagwa, watoto wanaruka kamba juu yake. Mama mwenye nyumba akatoka. "Karibu dada, unatafuta chumba?"

"Hapana, nimepotea tu."

Akanipa maji ya kunywa. Ningemwambia nini? Ningemwambia, angelala vipi?

Kando ya ukuta wake kuna rundo la kifusi lililobaki. Akanipa ruhusa ya kuokota vyuma chakavu, ndicho alichodhani nafanya. Nikapekua kwa mikono. Nikapata kipande cha kikombe chetu cha bati. Figa sikuliona.

Chungu cha Mjerumani sasa kiko ndani ya kioo, na karatasi inayosema hayo ndiyo yalikuwa maisha ya kila siku ya watu wa pale. Sie tulikaa pale pia, kila siku.

Sasa Daktari, lile rundo bado lipo. Njoo na chekeche lako na mswaki wako, ulichekeche kiganja kwa kiganja mbele yangu kama ulivyofanya kwa vifungo. Msimamizi aje ashike mwavuli. Mwenyekiti naye aje, ila chakula ajibebee. Na ukifika usianze na shikamoo. Anza kunijibu hili: nani alisema udongo wa kwangu usichekechwe? Haukujizoa wenyewe. Kuna mtu alifungua mdomo akasema. Namtaka huyo.