Mzee Alipotembea Vizuri Mbele ya Madaktari

Jumatano, katikati ya Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, ikaanza tena. Mashuka ya mgonjwa yametundikwa sebuleni na hayakauki.

Mwanangu Daktari Rehema, jana ulipokuja hapa Tangini kumwona mume wangu, uliniambia unakwenda tena Dar kwenye mafunzo ya magonjwa haya ya kutetemeka na kukakamaa mwili. Ukaniomba nikuandikie chochote ninachodhani kitawafaa wenzako. Mimi niliishia darasa la saba. Sijui kama yangu yanafaa kusomwa na madaktari wa ubongo, lakini umeomba, na sijazoea kumnyima mtu alichoomba kwa adabu.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Leo nimeikumbuka siku moja ya Mzenga, Kisarawe, nikiwa msichana. Washenga walikuwa wanakuja kumposa dada yangu. Babu yetu alikuwa na mkono unaotetemeka, hautulii ila akilala. Basi mama akamkalisha kwenye kiti, akaufunga ule mkono kwenye mguu wa kiti kwa khanga, juu akatandaza shuka. Bibi akatoka jikoni, akaona.

"Nani kamfunga mume wangu kama mbuzi?"

"Mama, wageni watasema ukoo una ugonjwa."

"Waseme. Si upo? Unataka wamkubali mzee mwingine ambaye hapa hayupo?"

Akafungua khanga mwenyewe, akajifunga kiunoni, akaenda kuwapokea wageni. Babu akatetemeka mbele yao mpaka kikombe kikamwagika. Washenga wakala, wakashukuru, na hawakurudi tena. Dada yangu alilia sana. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba Bibi alishinda siku ile. Miaka mingi nilidhani alikosea, na hata leo siku nyingine nadhani hivyo.

Sasa nije kwenye ile semina, ambayo wewe ulikuwemo, ila uliona upande mmoja tu.

Jina la hospitali silitaji, maana watu wake walitutendea vizuri. Tuliambiwa kuna daktari bingwa anakuja kuwafundisha madaktari wa huku kwetu, na wanahitaji wagonjwa wa kuwatazama. Mimi nilifurahi. Niliona bingwa ataondoka, lakini ninyi mtabaki, na mkimjua mzee wangu vizuri nitakuwa na pa kukimbilia. Tukaambiwa, "Mzee aje bila kunywa dawa ya asubuhi." Hayo tu. Hatukuambiwa kwa nini, na sisi hatukuuliza.

Asubuhi ile alikaa bila dawa. Kumvalisha shati ilikuwa kazi, mwili umekaza kama ubao. Tukafika, tukakaa kwenye benchi. Mara akaniambia anakwenda kunawa uso. Nikamfuata kwa nyuma kwa kuogopa ataanguka, nikamwona pale bombani anatia kidonge mdomoni na kukinga maji kwa kiganja. Nikajiambia nitasema ndani.

Tukasubiri sana. Tulipoitwa, dawa ilikuwa imeshaingia mwilini. Mlikuwa vijana wengi, makoti meupe, na bingwa yuko chumba cha pili na mgonjwa mwingine.

"Shikamoo mzee," mkasema wote.

"Marahaba wajukuu zangu. Leo nimekuwa mwalimu, eh?"

Mkacheka. Yule kijana mrefu akauliza, "Mzee wetu, asubuhi hujanywa dawa, siyo?"

"Sijanywa."

Nikasema, "Amekunywa, daktari. Nimemwona kwa macho yangu pale bombani."

Mume wangu hakukasirika. Akatabasamu. "Huyu mama tangu tuoane ananihesabia vidonge kana kwamba ananihesabia wake wengine."

Chumba kizima kikacheka. Kijana mmoja akasema, "Mzee bado yumo!" Hata mimi nilicheka, maana alikuwa mcheshi kweli, na ilikuwa muda mrefu hajatania mbele za watu. Nikarudia, "Lakini amekunywa." Kijana mrefu akaniambia kwa upole, "Sawa mama, tumekusikia." Wala hakuwa na dharau. Angefanyaje? Amkabili mzee wa umri wa babu yake, dakika chache baada ya kumwamkia, amwambie anadanganya? Amelelewa vizuri, na malezi yake ndiyo yaliyomfunga mdomo.

Bingwa akaingia, akauliza, "Hajanywa?" Mkajibu, "Hajanywa," na mimi sikuulizwa. Mzee akatembea kama bwana harusi. Akageuka bila kushika ukuta. Akagonganisha vidole haraka haraka. Bingwa akafikiri, akasema kama yuko hivi bila dawa, basi huenda ugonjwa si ule, na dawa ipunguzwe taratibu. Kwa alichoambiwa, alifikiri sawasawa. Siwezi kumlaumu.

Tulipofika getini dawa ikaisha. Miguu ikaganda, mate yakaanza kumtoka. Nikamwambia, "Turudi wakuone sasa."

"Ukinirudisha unaniua."

"Kwa nini umefanya vile, baba?"

Akachukua muda kutoa maneno. "Wale ni watoto wa watu. Wamevaa vizuri. Nikae mbele yao nachuruzika mate?"

Nikamwacha kwa mlinzi, nikarudi mwenyewe. Ndani mlikuwa na mgonjwa mwingine amevuliwa nguo, sikuweza kuingia. Nesi akasema atawaambia. Labda alisema, labda kazi zilimzidi.

Dawa ikapunguzwa. Alipoanza kukakamaa tukasema ni mwili unazoea. Kisha akaanguka mlango wa choo, nyonga ikavunjika. Baadaye dawa mliirudisha, wewe mwenyewe ulihangaika, lakini kutembea hakukurudi. Huenda angeanguka hata kama yote yangekwenda sawa. Sijui. Jana umemwona alivyo. Hakutambua kwamba ni wewe, na ulipotoka uliegemea gari lako. Nilikuona dirishani.

Basi ninachotaka kuwaambia wenzako ni hiki. Mkishamwamkia mzee, na mwamkieni, shikamoo isiwe ndiyo mwisho wa kuuliza. Mchukueni aliyemleta, mke au binti, mkamsikilize peke yake nje, ambako mzee hataaibika na yeye hatachekwa. Mzee akitembea vizuri, msimruhusu kuondoka. Mpeni chai, akae, mmtazame tena saa zikishapita. Na zaidi ya yote mwambieni sababu. Mume wangu hakuambiwa na mtu kwamba kutetemeka kwake ndiko mlikokuja kujifunza. Yeye alidhani ameitwa kwenye ugeni, akajiandaa kama mtu anayekwenda ugenini. Angejua kwamba anawafundisha, nadhani angekubali. Nadhani tu. Nimeishi naye muda mrefu na bado siwezi kuapa.

Haya yote kwake hayasaidii tena, mwanangu, nami sina moyo wa kujidai kwamba yatasaidia wengi. Wazee wataendelea kujikaza mbele yenu, na ninyi mtaendelea kuwaheshimu. Lakini nenda kajifunze. Usiache kwa sababu yetu. Mungu akupe jicho la kuona hata unachofichwa kwa heshima, na akupe subira ya kukaa na mgonjwa mpaka dawa iishe. Akulinde njiani, mvua hii barabara si nzuri.

Jioni hii tumekula ugali na kisamvu cha nazi, mimi na shemeji yangu aliyekuja kunisaidia kumgeuza mzee kitandani. Mume wangu nilimpa uji wa ulezi kwa kijiko. Alimeza kidogo, uliobaki nimeufunika.