Siku Nyeupe Niliyoitunga

Ilianza Jumanne saa kumi na moja jioni, na masikio yangu bado yanawaka nikikumbuka, lakini nikiificha aibu hii hata kwa daftari langu, nitaiambia nani?

Kazi yangu shuleni ni chupa ya jua, ya kupimia jua limewaka kiasi gani. (Imezikwa nusu nyuma ya ua, jua likiipiga, maji ya ndani yanageuka mvuke na kudondoka kwa mrija, nami kila jioni nasoma yamefika wapi, naandika, kisha naipindua ianze upya.) Mwalimu wa sayansi alichukua namba zangu za mwaka mzima, akachagua zile siku nyeupe tu, zisizo na wingu hata kidogo, akapiga wastani wa kila mwezi na kubandika jedwali nyuma ya kitabu changu cha namba. Mwezi huu wastani wa siku nyeupe ni ishirini na mbili.

Sasa Jumanne hiyo homgadi wawili, wale walinzi wa kijiji waliopewa bunduki na serikali, walikuwa wameketi pale pale kwa chupa, na hao wakiniona tu wanaanza, "Dada wa chupa! Leo umetupikia nini?" Nikaona haya, nikarudi darasani, nikaandika ishirini na mbili. Ukungu ulikuwa umetufunika tangu asubuhi, najua, lakini jedwali halikuwa na namba ya ukungu, na nilidhani namba ya Mwalimu haiwezi kumdhuru mtu.

Ijumaa tukaitwa uwanjani shule nzima. Mbele alisimamishwa Mzee M'Ikiara, mlinzi wetu wa lango, amefungwa mikono kwa kamba. Ati Jumanne mchana watu walipita langoni wakiwapelekea chakula wapiganaji wa msituni na yeye hakupiga filimbi. Alijitetea kwamba kwa ule ukungu hakuona hata lango lenyewe. Bwana D.O., afisa wa wilaya, akainua kitabu. Kitabu changu!

"Shule yenyewe imeandika jua kamili! Huyu mzee ni mwongo. Apelekwe kambini, akafungwe!"

Shule nzima tuliuona ule ukungu, lakini nani abishane na karatasi mbele ya bunduki? Mwalimu mwenyewe alikuwa ameenda Embu Jumanne ile. Nikasikia sauti inasema, "Bwana, hiyo namba ni ya uongo," na sauti ilikuwa yangu, mimi nisiyeweza hata kuomba chumvi mezani.

"Nani amekutuma umwokoe?"

"Hakuna, bwana. Niliogopa homgadi, nikanakili jedwali. Chupa sikuigusa."

Wasichana wakacheka. Homgadi pia. Mwalimu hakucheka, alinyakua kitabu.

"Hukuipindua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hii kumi na nne ya Jumatano ni ya siku mbili! Bwana, siku mbili pamoja hazifikii siku moja nyeupe. Jua lilitoka wapi?"

D.O. alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaonyesha kamba kwa kidole ifunguliwe. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

Leo asubuhi nimeifuta ile ishirini na mbili na kuandika "Haikusomwa", na sitajaza tena namba ambayo macho yangu hayakuiona. Kisha nikampelekea Mzee uji langoni. Mikono yake ilikuwa na alama za kamba. Akanywa, halafu akauliza, "Mwanangu, leo huko juu kukoje?"

Nikatazama kwanza, ndipo nikamjibu.