Sigara Tatu Zarushwa Kutoka Paani

Kwaru, kwaru, kwaru… puu!

Kitu kimeteleza juu ya nyasi kavu na kuanguka uani. Kabla hakijaonekana ni nini, wanaume sita wanapiga kelele kwa pamoja.

"Imekufa hiyo!"

"Haijafa! Ivuteni kwanza!"

Ni saa moja asubuhi, katika kitongoji kimoja kusini mwa kisiwa cha Lombok, nchini Indonesia. Amaq Serinah, yaani baba yake Serinah, amesimama pekupeku juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, msuli umekazwa kiunoni. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na minane kati ya hiyo ameimaliza akiezeka mapaa ya nyasi. Leo haezeki. Anarusha sigara za kielektroniki, aone ipi itastahimili kazi ya paani.

Ya kwanza ni kubwa kama kiberiti cha jikoni, ina kioo kinachowaka rangi. Marjun, mfungaji wa fito katika kundi lake, anaiokota, anaipangusa, anaivuta. Kisha anaitupa kama aliyeshika chura.

"Imenikojolea!" anapayuka, maji ya rangi ya chai yakimchuruzika hadi kiwiko. "Amaq, hii irudishe dukani. Waambie wakainunulie nepi!"

Uwanja mzima unaangua kicheko. Mtu mmoja tu hacheki.

Ng'ambo ya ua, Inaq Murdanep, yaani mama yake Murdanep, anatafuna tambuu taratibu, uso ameuelekeza kwingine. Ana miaka sabini na mmoja, naye ni shangazi yake Amaq Serinah. Ubavuni mwake limesimama ghala la mpunga lisilo na paa, mianzi yake nje kama mbavu.

"Anayetakiwa kuridhika ni yule pale," Amaq Serinah anasema kwa sauti ya chini, akishuka ngazi. "Hawa wengine wanapiga kelele tu."

Kiangazi cha mwaka juzi aliliezeka ghala la shangazi yake, na alikuwa anakaribia kumaliza. Mwezekaji hana mkono wa ziada. Mmoja unashika sindano ya mianzi, mwingine unabana nyasi. Kwa hiyo sigara ikifika nusu, mafundi wa huku huichomeka kwenye tundu la ufito uliokatwa, wakafunga fundo, kisha wakairudia. Amaq Serinah aliichomeka yake, akafunga mafundo matatu, akaitwa kunywa kahawa.

Hakuirudia.

Sigara za huku zina karafuu ndani, na karafuu ikiungua hurusha cheche. "Kikombe kilikuwa mkononi," anasimulia. "Nikasikia mlio kama mtu anakunja karatasi. Nilipogeuka, paa zima lilikuwa jekundu."

Mavuno ya msimu mzima yaliteketea. Tangu siku ile, Inaq Murdanep hajala wala kunywa nyumbani kwa mpwa wake, ingawa wanatenganishwa na ua wa hatua ishirini. Amaq Serinah alilijenga upya ghala kwa mikono yake, nguzo hadi pau. Shangazi alimwacha ajenge. Lakini alipofika na tita la kwanza la nyasi, alimzuia ngazini.

"Nguzo umesimamisha, ahsante," alimwambia. "Nyasi hupandi nazo."

Wanawe wakamletea habari za mabati. Aliwafukuza. "Mpunga niuweke ndani ya sufuria?"

Sasa mvua zimebakiza wiki tatu. Mpunga uko ndani ya magunia, chumbani anamolala bibi, na panya wameshaanza.

Sharti lake ni moja: moto usipande juu ya ghala lake. Linaonekana dogo, lakini desturi ya huku ni kwamba mwenye kuezekewa huwapa mafundi wali, kahawa na sigara. Amaq Serinah alijaribu kuzipiga marufuku sigara kwenye kazi nyingine mwezi uliopita. Siku ya pili walikuja mafundi wanne kati ya saba. Siku ya tatu, wawili.

"Unaniambia nifunge nyasi juani kutwa nzima bila kuvuta," Marjun anajitetea. "Si uniambie na kupumua niache?"

Ndipo Amaq Serinah alipopanda pikipiki hadi mjini Praya na kurudi na sigara tatu za umeme. Ujira wake ni rupia laki moja na elfu ishirini kwa siku. Sigara zile zilikula ujira wa siku nne.

"Mke wangu alidhani nimeoa mjini," anasema. "Nilipomwonyesha nilichonunua, akasema afadhali ningeoa."

Ya pili ni nyembamba, ina kitufe ubavuni. Inaanguka mara mbili, inafuka vizuri, watu wanashangilia. Amaq Serinah anaipachika kwenye pindo la msuli, mahali fundi anapoweka kila kitu chake, anapanda, anachuchumaa kama mtu anayefunga nyasi.

Anaruka.

"Paja! Paja langu!"

Kitufe kimebanwa na mkunjo wa msuli, nayo imepata moto. Anaitupa chini huku anajipulizia, na kundi linalala chini kwa kucheka.

"Tazameni fundi wenu," sauti kavu inatoka ng'ambo. Ni Inaq Murdanep, kwa mara ya kwanza leo. "Mwaka juzi kachoma ghala. Leo anajichoma mwenyewe."

Amaq Serinah anatabasamu: shangazi anatazama!

Ya tatu haizidi kidole gumba kwa upana. Haina kitufe, inawaka inapovutwa tu. Ina tundu la kamba, inaning'inia shingoni. Inaanguka mara tatu. Inafungwa kwenye kitambaa kilicholowa jasho. Marjun anapanda nayo hadi mgongo wa paa, penye upepo, sindano mkono mmoja, mkono wa pili umeshika nyasi. Anaichukua kwa meno, anavuta, anaiachia ijirudie kifuani. Mikono yote miwili haijaacha kazi.

"Hii ndiyo!" anapiga kelele kutoka juu. "Hii imezaliwa kwa mwezekaji!"

Inaq Murdanep amesimama. Anavuka ua, hatua ishirini zile ambazo hajazivuka tangu moto. Ameshika konzi ya nyasi kavu.

"Shuka. Vuta. Pulizia hapa."

Marjun anavuta, anapuliza. Bibi anaichomeka sigara yenyewe katikati ya nyasi, anasubiri. Anazifumua nyasi, anazipapasa, anazinusa.

"Zinanuka peremende," anasema. "Na betri? Nimesikia betri zinalipuka."

"Zinaweza, Shangazi," Amaq Serinah anajibu. "Nitawanunulia wote za aina hii, nazo zitachajiwa kwangu, juu ya jiwe, mtu akiziangalia. Jua likiwa kali zinakaa kivulini. Juu ya paa haiachwi hata moja."

"Na ni dawa?"

"Si dawa. Nesi wa zahanati kaniambia wazi, kifua hakijui kama ni moshi au mvuke."

Bibi anatema tambuu pembeni. Anaingiza mkono kwenye pindo la kanga yake na kutoa sindano ya mianzi, ndefu, nyeusi kwa mikono ya miaka mingi. Amaq Serinah anaitambua. Aliidondosha siku ya moto, akadhani iliteketea.

"Nyasi unazo za kutosha?"

"Matita mia nne, Shangazi. Yako tayari tangu mwaka jana."

Anampa sindano. Amaq Serinah anaipokea kwa mikono miwili, anageukia ghala, kisha anamrudia shangazi yake na kusema kwa sauti ambayo kila mtu uani anaisikia:

"Tunaanza kesho, na moto hautapanda pale, wangu wala wa mtu wangu. Siku nitakayofunga fundo la mwisho, hii nitakayoivaa shingoni nitaivua nikuwekee mkononi, Shangazi, na sitavuta tena."